Naomba ushauri: visasili kwenye epigramu za Kigiriki, nivichambueje?

Tathnia
Wakuu, habari zenu. Naandaa uchambuzi wa kurasa 4 kuhusu visasili katika epigramu (mashairi mafupi sana) za Wagiriki wa kale. Nimechagua ya mshairi Bassus, iliyomo katika Anthologia ya Kigiriki (mkusanyiko wa epigramu), kitabu cha 5, namba 125. Ina mishororo 4 tu: mshairi anasema hatatiririka kama dhahabu, fahali awe mwingine, batamaji wa ufukweni awe mwingine, michezo hiyo aachiwe Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki. Nimesimulia visa vyote vitatu, kurasa 3 zimekwisha, na shairi lenyewe sijaligusa. Nipunguze nini?

Mlumbi
Mkuu, umesimulia kile ambacho mshairi amekiacha makusudi. Danae, Europa na Leda, wanawake ambao Zeus aliwaendea akiwa dhahabu, fahali na batamaji, hawatajwi popote. Kila kisa kimepewa neno moja, kwa sababu msomaji wa wakati ule alikuwa na mengine yote kichwani. Wewe pia kipe kila kisa sentensi moja, halafu uliza vimewekwa pale vifanye kazi gani.

Anzia mwisho: Corinna, mwanamke anayetakwa na mshairi, atapewa oboli (sarafu ndogo) zake mbili, "nami siruki". Oboli 6 ndiyo drakma moja, kwa hiyo hiyo ni bei ya chini sana. Mungu alijigeuza mara tatu kumpata mwanamke. Huyu analipa chenji anamaliza. Bila kupanda kwa visa vile vitatu, oboli mbili zisingeanguka kwa kishindo. Hapo ndipo pa kuweka kurasa 2 nzima.

Mizani_na_Vina
Naunga mkono, na ongeza ulinganisho. Soma Asclepiades wa Samos, kitabu hicho hicho, namba 64, mishororo 6. Mpenzi yuko nje kwenye tufani, anamwambia Zeus apige theluji, mvua ya mawe na radi atakavyo; ataacha kwenda kwa mpenzi wake akiuawa tu. Sababu anaitoa mwishoni: mungu anayemvuta, yaani wa mapenzi, ndiye aliyemshinda hata Zeus, hadi Zeus akapenya vyumba vya shaba akiwa dhahabu.

Kisa ni kile kile cha Danae, kazi ni tofauti kabisa. Kwa Bassus ni jambo la kukataliwa. Kwa Asclepiades ni ushahidi dhidi ya mshtakiwa mwenyewe: wewe ulitenda hivyo, unaniadhibu kwa lipi? Binafsi naona hii ndiyo epigramu bora ya kufundishia mada hii.

Tathnia
Asanteni sana. Sijui Kigiriki. Tafsiri inatosha?

Mizani_na_Vina
Inatosha kwa maana, haitoshi kwa mpangilio. Mshororo wa mwisho wa Asclepiades unafunguliwa kwa "Zeu", kisha neno la shaba na la dhahabu yanagusana: *khalkeion khrysos*. Tafsiri nyingi huyatenganisha. Weka matini asilia kando, utambue angalau majina na mahali yalipokaa. Mizani ya Kigiriki nayo si kuhesabu silabi kama yetu. Hupimwa kwa silabi ndefu na fupi, usije ukaiita tathnia kwa sababu tu mishororo inakwenda miwili miwili.

Mlumbi
Kuna mitego miwili zaidi. Ipo epigramu ya mishororo 2 ambamo sanamu yenyewe inasema: miungu walinigeuza jiwe kutoka uhai, mchongaji Praxiteles akanirudishia uhai kutoka jiwe. Anayesema ni Niobe, mama wa visasili aliyefiwa na watoto wake akageuzwa jiwe, lakini jina lake halimo. Ukiliona kwenye kichwa, kumbuka vichwa hivyo kwa kawaida viliwekwa na wanakili, kwa hiyo usikichambue kana kwamba ni neno la mshairi.

Pili, angalia toleo la kisa. Homer anampa Niobe watoto 12, mshairi Sappho 18, wengine 14. Usimweleze Asclepiades, wa karne ya 3 KK, kwa kumtegemea Ovid aliyeandika Kilatini zaidi ya miaka 200 baadaye. Kwa muhtasari wa visa tumia *Bibliotheca*, kitabu cha visasili kinachohusishwa na Apollodorus, halafu urudi kwenye shairi uone limeacha nini.