Tupeane uzoefu: dada zangu mlioanzia jukwaani Dodoma mkaishia kwenye filamu

#1, mwanzisha mada
Salaam wadau. Nina miaka 11 kwenye uigizaji, 6 ya kwanza jukwaani tu: maigizo ya kanisani, uhamasishaji wa afya vijijini Bahi na Chamwino. Tusimuliane, maana mabinti wengi wananiuliza waanzie wapi.

Kijijini unaigizia chini ya mti, upepo unapuliza vumbi, kipaza sauti hakuna. Sauti lazima imfikie bibi aliyekaa nyuma kabisa. Mwili nao nilijifunza kwa mama zetu wa Kigogo wapigao muheme, ngoma wameibana mapajani, kuanzia bega hadi kisigino kila kiungo kinasema. Basi siku ya kwanza mbele ya kamera, Dar, nikaigiza vilevile. Mwongozaji akasimamisha kazi: "Dada, mumeo yuko hapo kitandani, unamwita nani?" Usiku nililia sana. Aliyeniokoa ni mama mmoja mkongwe wa kundi letu. Akaniambia hasira isipungue hata chembe, ila iishie machoni. Mwezi mzima nilijirekodi kwa simu, nafuta, narudia. Jukwaa silijutii, pumzi yangu yote imetoka huko.

#2
Dada, umenigusa. Mimi yangu ni nywele. Filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi: unaweza kutoka mlangoni leo, ukaingia sebuleni wiki ijayo. Katikati ya kazi nikapata msiba Kondoa, nikafumua rasta. Niliporudi, tukarudia kazi ya siku mbili nzima, na watu walishalipwa. Tangu hapo kila jioni najipiga picha: nywele, hereni, hata fundo la kanga.

#3
Malipo, jamani. Filamu yangu ya kwanza iliuzwa, mimi nikaambulia nauli na wali. Tulikubaliana kwa mdomo. Siku hizi bila mkataba wa maandishi sipandi basi.

#4
Shikamooni dada zangu. Nipo Ipagala, nimemaliza kidato cha nne. Mama anataka nisome kwanza, mimi nataka kuigiza. Chuo cha sanaa Bagamoyo ni mbali na ada hatuna.

#1, mwanzisha mada
Marahaba mdogo wangu. Mama yako yuko sahihi, na wewe pia. TaSUBa ya Bagamoyo, ambayo zamani ilikuwa Chuo cha Sanaa, ni pazuri kweli, ila sanaa za maonyesho zinafundishwa hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) pia, ukifika ngazi hiyo. Kwa sasa tafuta kundi linalofanya mazoezi karibu na kwenu, uombe hata kubeba vifaa. Tamasha la muziki wa Cigogo likifika Chamwino, nenda ukae mbele, uwaangalie mama wa muheme mikono na shingo. Kundi letu hukutana Jumamosi saa tisa. Niandikie pembeni nikuelekeze, na uje na mama.