Nimeachiwa ubao wa vishale hapa Tabora, naombeni mwongozo wa kuanza kucheza

Mwana_Isevya

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tabora mjini, mtaa wa Isevya. Nina saluni ya kiume yenye baraza refu mbele. Jirani yangu kahamishwa kikazi, akaniachia ubao wa vishale na vishale sita. Ubao ni ule mnene wa nyuzi. Umechoka kidogo kwenye namba 20, ila waya zake bado zimekaa vizuri.

Vijana wanaosubiri zamu ya kunyolewa wameshaanza kurusha. Ubao tumeuegesha juu ya stuli, kila mtu anasimama anapotaka, na jioni hajulikani nani kashinda. Mimi nimeupenda huu mchezo. Nawaona wanavyotulia wakishika kishale, hata simu wanaziweka pembeni. Nataka tuucheze kwa kanuni zake.

Naomba kujua: ubao unatundikwa kimo gani, na mrushaji anasimama umbali gani? Pointi zinahesabiwaje? Mtu asiyejua kabisa anaanzia wapi kurusha? Kuna mzee kaniambia niwe nauloweka maji usiku ili matundu yazibe, ni kweli? Halafu nina mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu, naye anataka kujifunza, vijana wanamwambia huo ni mchezo wa wanaume wa baa. Nawasilisha.

Sikonge_Asali

Mwangaluka mkuu. Nakaa hapa kusubiri wataalamu, maana na sisi huku tuna ubao umelala stoo.

Fundi_Cheyo

Kaka, naanza na maji kwa sababu hilo lina haraka. Usiuloweke huo ubao, hata kwa kitambaa kibichi usiupanguse.

Nyuzi unazoziona ni katani. Zimekatwa fupi fupi, zikasimamishwa na kubanwa kwa nguvu, kwa hiyo ncha inapenya katikati ya nyuzi bila kuzikata. Ukichomoa kishale, nyuzi zinarudiana na tundu linajifunga lenyewe. Ukiweka maji katani inavimba, ubao unaota kitambi na waya zinaanza kuachia. Mzee wako hajasema uongo: zamani huko Uingereza walitumia mbao za gogo, na hizo kweli zililoweshwa ili zisipasuke. Za katani ziliingia miaka ya 1930 na matunzo yake ni tofauti.

Hapo kwenye 20 palipochoka, angalia ile pete ya waya yenye namba. Inatoka. Ing'oe, geuza ubao, kisha irudishe ili 20 ikae juu ya kipande ambacho hakijaliwa. Sogeza vipande viwili, vinne au sita, kwa sababu 20 siku zote hukaa kwenye cheusi. Ukifanya hivyo mara kwa mara ubao utakukalia miaka.

Sasa vipimo. Kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka usawa wa pale anaposimama mrushaji. Mstari uwe mita 2.37 kutoka kwenye USO wa ubao. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu wengi wanapimia ukutani. Ubao wenyewe una unene wa karibu sentimita 4, nyuma yake kuna kipande cha kushikilia, tayari umeshapoteza kipimo. Chukua uzi, funga nati, uning'inize ukigusa uso wa ubao hadi chini. Pale nati inapogota ndipo unapoanzia kupima.

Mabaraza yetu mengi yana mteremko wa kutoa maji ya mvua, kwa hiyo hakiki kwa kipimo cha tatu: vuta futi kamba kutoka katikati ya kitovu hadi kwenye mstari. Isome mita 2.93. Ikisoma vingine, rudia vipimo vyako kabla hujapiga rangi mstari.

Nyuma ya ubao weka mbao laini ya paini. Najua hapa Tabora mninga na mkurungu ndiyo fahari yetu, lakini hapo havifai, kishale kikikosa ubao ncha itapinda. Ukutani zungushia sponji la godoro kuukuu. Na ubao usiwe karibu na mlango wa saluni. Mteja akitoka kichwa kimeinama anajipangusa nywele, asikutane na kishale usoni.

Mrushaji_Ujiji

Fundi kamaliza kazi yake vizuri. Mimi niko Ujiji, huu mchezo nimeucheza miaka mingi, ngoja nieleze kanuni.

Kwenye mashindano makubwa wanacheza 501. Kila mtu anaanza na 501 na kazi yake ni kuzishusha mpaka sifuri. Zamu moja ni vishale vitatu. Mnajumlisha, mnatoa kwenye salio lake, mnaandika kwa chaki mahali wote wanapaona. Kujua nani aanze, kila mmoja anarusha kishale kimoja kwenye kitovu, wa karibu zaidi ndiye anaanza.

Ubao una vipande 20. Ukipiga sehemu pana unapata namba yenyewe. Pete nyembamba ya nje ni dabo, namba mara mbili. Pete nyembamba ya ndani ni tripo, mara tatu. Kitovu kina duara mbili: ya kijani ni 25, ile nyekundu katikati ni 50. Ukipita nje ya pete ya dabo huna kitu, hata kama kishale kimeganda kwenye ubao. Vijana wako nadhani wote wanalenga katikati wakiamini ndiko kwenye alama kubwa. Waambie tripo 20 ni 60. Tatu za hivyo ni 180, na hakuna zamu inayozidi hapo.

Patamu ni mwishoni. Lazima ufunge kwa dabo, na utue sifuri kamili. Ukibakiwa na 32 unatafuta dabo 16. Ukibakiwa na 50, kitovu chekundu kinakufungia kwa sababu kinahesabika dabo ya 25. Ukizidisha salio, au ukafika sifuri bila dabo, zamu nzima inafutwa, unarudi kwenye salio ulilokuja nalo. Salio kubwa kabisa linalofungika kwa vishale vitatu ni 170: tripo 20, tripo 20, kitovu. Hapo ndipo utaona mtu aliyeongoza mchezo mzima anakwama kwenye dabo moja huku mwenzake anamfikia polepole. Kwangu mimi huo ndio utamu wote wa vishale.

Ila kwa wanaoanza, 501 ya kufunga kwa dabo itawachosha. Anzeni na mzunguko: kila mtu apige 1, akishapata aende 2, hivyo hivyo hadi 20. Anayefika kwanza kashinda. Mtajua ubao wote, na hakuna kijana atakayekaa muda mrefu akingoja zamu. Mkishazoea, nendeni 301, ambayo ni kama 501 ila kila mtu anaanzia 301.

Kuhusu kurusha. Mguu wa upande wa mkono unaorushia uwe mbele, nyuma ya mstari, na ubebe uzito mwingi wa mwili. Tafuta mahali kishale kinapolala sawa juu ya kidole bila kuanguka, hapo hapo ndipo pa kushika. Dole gumba upande mmoja, cha shahada na cha kati upande wa pili. Usikibane. Ukiona kucha inageuka nyeupe, legeza.

Kiwiko kielekee ubaoni na bega litulie. Kinachofanya kazi ni kigasha na kifundo cha mkono. Rudisha kishale hadi karibu na shavu, kisha kipeleke mbele kwa mwendo mmoja usiokatika, na mkono uendelee mpaka unyooke kabisa ukielekeza pale ulipolenga. Wengi wakishaachia kishale wanaukatisha mkono njiani, ndiyo maana vyao vinaangukia chini, kwenye 3 na 19. Nguvu nyingi hazihitajiki. Kishale kinapanda kidogo angani kisha kinashuka kikiingia, acha kipite njia yake.

Jambo moja ulisimamie hapo barazani: mtu arushe kwa namna ile ile kila mara. Asibadili mguu, asibadili mshiko kwa sababu kishale kimoja kimekataa. Mwenye vishale vitatu vilivyokaa pamoja mahali pasipo sahihi yuko mbele kuliko aliyebahatisha kitovu kimoja na vingine viwili vikatawanyika. Wa kwanza atasogeza lengo tu. Wa pili hana hata cha kusogeza.

Mwana_Isevya

Aisee, asanteni sana. Mkuu wa Ujiji, na hivi vishale vyenyewe? Ni vinene, rangi ya dhahabu, ncha zimekuwa butu.

Mrushaji_Ujiji

Hivyo ni vya shaba, vinafaa kabisa kujifunzia. Vya gharama ni vya tungsteni. Hiyo ni metali nzito sana, kwa hiyo kishale kinakuwa chembamba kwa uzito ule ule, na vitatu vinaenea kwenye tripo moja bila kugongana. Uzito wa wengi ni kati ya gramu 21 na 26. Hakikisha vile vitatu vya mtu mmoja vina uzito sawa na mabawa ya aina moja. Ncha zipitishe kwenye msasa taratibu, ukiizungusha. Butu inadunda kwenye waya na kurudi kwa mrushaji, ila usizichonge kama sindano, zitakata katani.

Ticha_Hesabu

Mimi ni mwalimu wa hisabati, niko Kigoma mjini, naomba niongeze kitu ambacho wanaoanza hawaambiwi.

Tazama jirani za 20. Kushoto 5, kulia 1. Namba zimepangwa hivyo makusudi, anayekosa kidogo aumie. Kwa mtu ambaye kishale chake bado kinayumba upande hadi upande, kipande cha juu ni hasara: 5, 20 na 1 jumla yake ni 26. Sasa angalia kushoto, chini kidogo ya katikati: 16, 8 na 11 zimefuatana, jumla 35. Panda kidogo, 11, 14 na 9, jumla 34. Kwa hiyo anayeanza akilenga upande wa kushoto atavuna zaidi kuliko anayeng'ang'ania 20 kwa sababu tu kaona wakubwa wanafanya hivyo. Mkono ukishatulia ndipo ahamie 19, na mwisho 20.

Kingine ni dabo ya kujiachia. Penda kubakiwa na 32. Ukikosa dabo 16 ukapiga 16 ya kawaida, imebaki 16, unatafuta dabo 8. Ukikosa tena vile vile unatafuta dabo 4, kisha dabo 2, kisha dabo 1. Linganisha na 40: dabo 20, ukikosa dabo 10, ukikosa dabo 5, ukikosa tena umebaki na 5, namba witiri, na witiri haifungiki kwa kishale kimoja. Inabidi utumie kimoja kutengeneza.

Nakuomba sana, hesabu zifanywe kwa kichwa, kikokotoo cha simu kisiguswe. Huyo wa kidato cha tatu mpe chaki awe anaandika alama. Mwanafunzi anayetoa 85 kwenye 301 huku watu wamemkodolea macho atakuja kunishukuru mimi na walimu wenzangu.

Dada_Mwanga

Mwalimu, chaki ashike, lakini na vishale ashike pia. Asigeuzwe karani wa wanaume.

Kaka, mwambie mdogo wako hivi. Desemba 2019, London, dada mmoja wa Uingereza anaitwa Fallon Sherrock alimfunga mwanamume kwenye mashindano ya dunia ya PDC, shirika la vishale vya kulipwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mechi pale, na raundi iliyofuata akamtoa mwanamume mwingine. Kimo cha ubao ni kile kile, mstari ni ule ule, hakuna aliyemsogezea. Na Januari 2025 bingwa wa dunia alikuwa Luke Littler, kijana wa miaka 17. Huyo alikuwa mtoto wa rika la shule. Vishale havidai kifua wala misuli, vinadai utulivu, na mabinti wanao.

Kama vijana wanambeza, mtengee muda wake asubuhi kabla wateja hawajajaa, ajifunze bila kelele. Mkono wake ukishakaa sawa, mruhusu acheze nao. Watanyamaza wenyewe.

Mstaafu_Reli

Wanangu, nimesoma yote. Mimi naongezea moja la utu uzima. Baraza la saluni linapita watu wa kila aina, na atatokea mmoja aseme tuweke buku buku ili mchezo uchangamke. Mkatalie siku hiyo hiyo. Michezo ya hela ina leseni yake kutoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na zaidi ya hapo, majirani wanaowaruhusu watoto wao kukaa barazani kwako wataacha. Ukitaka ushindani, panga ligi ya mtaa, Isevya kwa Ng'ambo, Ng'ambo kwa Kanyenye. Muone afisa michezo wa manispaa, umwombe akuunganishe na chama cha mchezo huu, TADA.

Mwana_Isevya

Shikamoo mzee wangu. Hela haitakanyaga hapa, nimeshawaambia.

Wakuu, ubao umekaa. Uzi wenye nati umefanya kazi, ilikuwa kweli baraza lina mteremko, tumerekebisha hadi futi ikasoma 2.93. Mdogo wangu anarusha asubuhi, na vijana wanacheza mzunguko. Wawili walioiva wameenda 301 jana, ukazuka ubishi nikashindwa kuamua. Wa kwanza alikuwa na 8, akapiga 7, akabaki na 1. Anasema aendelee zamu ijayo. Wa pili kishale chake kiliingia dabo 10, kikakaa, akashangilia, kisha kikadondoka kabla hajakifuata. Nani yuko sahihi?

Mrushaji_Ujiji

Wa kwanza: hakuna dabo ya kufunga 1, dabo ndogo kabisa ni ya 2. Kwa hiyo zamu yake imefutwa, anarudi kwenye 8, au kwenye salio lolote alilokuwa nalo kabla ya kishale cha kwanza cha zamu ile.

Wa pili: kishale kinahesabiwa kikiwa bado kimeshika ubaoni wakati mrushaji anaenda kuvichomoa. Kimedondoka kabla, hakina alama na harudii kukirusha. Salio lake linabaki 20, na kama hicho kilikuwa kishale chake cha tatu, zamu ni ya mwenzake.