Nimehitimu sheria: nianzie ofisi ya mawakili hapa Tabora?

Swali: Shikamooni waheshimiwa. Ofisi moja ya mawakili mjini Tabora imekubali kunipokea; je, nianze kazi, au nitangulie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Anza, ila usikawie kuomba nafasi ya mafunzo, maana usipofaulu huko na kuapishwa na Jaji Mkuu, hutamwakilisha mteja mahakamani kama wakili.

Jibu: Naunga mkono. Ofisini utajifunza kuandaa hati ya madai, kuwasilisha kiapo kinzani (maelezo ya kiapo ya kujibu kiapo cha upande wa pili) masjala ya Mahakama Kuu kabla muda haujapita, na, jambo ninalolithamini kuliko yote, kumsikiliza kwa subira mkulima wa tumbaku anayeanza kueleza mgogoro wa shamba tangu enzi za babu yake.

Jibu: Posho mkubaliane kwa maandishi.