Ushauri wakuu: kioo cha boila kinasema nusu, sensa inasema 70%

MvukeKazini:
Wakuu habari za jioni. Niko kiwandani upande wa boila, mvuke wetu ni presha ya 10 bar. Usawa wa maji kwenye dramu (tangi la boila lenye maji na mvuke) tunapima kwa ile transimita ya tofauti ya presha, yaani hiyo sensa inayotuma kipimo kwenye skrini, ina paipu mbili, moja imetoka juu kwenye mvuke nyingine chini kwenye maji. Sasa tangu tufanye usafi na kuwasha tena, kioo cha kuonea maji kinakaa nusu ila skrini inasoma 70%. Bosi anataka kuagiza sensa mpya, mimi roho inasita manake hii yenyewe haina muda mrefu. Naombeni pia mnieleweshe inafanyaje kazi.

FundiVipimo:
Mkuu kwanza usalama. Pulizeni kioo, yaani fungueni valvu yake ya chini maji yatoke kisha mfunge, maji yakirudi haraka basi kiaminini hicho, sio skrini. Halafu wekeni mtu macho kwenye kioo muda wote, na ile kinga inayozima moto wa boila maji yakipungua isiguswe kabisa. Sensa inayosoma juu kuliko ukweli ndio mbaya zaidi, maji yanaisha skrini inakwambia yapo, mirija inaungua.

Kazi yake iko hivi. Ndani kuna diafragmu, kiwambo chembamba kinachosukumwa na presha, upande mmoja umeandikwa H mwingine L. Zile 10 bar za mvuke zinasukuma pande zote mbili kwa hiyo zinafutana, kinachobaki ni tofauti ya uzito wa maji tu. Paipu ya chini inaenda H, ya juu inaenda L, mvuke ukipoa humo unakuwa maji, so inatakiwa ijae muda wote bila kubadilika. Dramu ikiwa tupu L inazidi sana, ikijaa tofauti inakaribia sifuri. Toka tundu la juu hadi la chini ni sentimita ngapi?

MvukeKazini:
60 kaka.

FundiVipimo:
Basi piga hesabu. Sentimita 10 za maji ni karibu 1 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha). Kwa urefu huo toka tupu hadi kujaa ni kama 5 kPa hivi, manake maji ya moto ya dramu ni mepesi kidogo, kwa hiyo 1 kPa ni kama 20%, na hiyo ndio tofauti unayoiona. Mimi nasema paipu ya juu imepungukiwa maji kama sentimita 10, L ikapungua na skrini ikadhani dramu imejaa zaidi, au kuna hewa imenasa humo wakati mnawasha. Sensa haina kosa.

DadaInstru:
Naunga mkono, ila asinunue wala asiache kununua kabla hajapima. Mkuu hapo kwenye transimita kuna valvu tatu, ya H, ya L na ya katikati inayounganisha pande hizo mbili. Funga ya H na ya L zote mbili, NDIPO ufungue ya katikati, usome kPa kwenye transimita yenyewe. Ikikaa sifuri sensa inaelekea ni nzima. Wakati huo pampu ya maji iendeshwe kwa mkono mtu akiangalia kioo, manake kipimo kitapanda hadi mwisho. Kurudisha, funga ya katikati kwanza kisha fungua H na L. Usije ukafungua ya katikati huku hizo mbili ziko wazi, maji ya paipu ya juu yanakimbilia kwenye dramu na hapo unadanganywa hadi mvuke upoe ujaze upya. Mafundi wengi wanafanya hivyo wakati wa usafi.

MvukeKazini:
Dada nimefanya, imekaa sifuri kabisa. Nimepapasa na karatasi kwenye nati ya upande wa L, imelowa.

DadaInstru:
Ndio hiyo. Inavuja kidogo kuliko jicho linavyoona ila inatosha kushusha maji. Usiikaze boila ikiwa na presha, ngojeni mzime ipoe, badilisheni feruli (ile pete inayobana paipu ndani ya nati), halafu jazeni paipu maji kwa plagi ya juu taratibu hadi mapovu yaishe.

MvukeKazini:
Sawa, bosi ameshaambiwa aahirishe oda. Tunazima Jumapili.

FundiVipimo:
Mpaka hiyo Jumapili mtu asitoke kwenye kioo, hata shifti ya usiku.