Bosi aliyekulia kijijini anaongoza tofauti kweli, au ni tabia ya mtu tu?

Mhasibu_Mdogo
Wakuu habari za leo, nina swali msinishambulie. Kampuni yetu inanunua viazi Makete tunaleta Dar, mwaka jana tukaletewa mkurugenzi mpya, mtu wa hukohuko, kakulia shamba kabisa kachunga mbuzi kasoma kwa kuungaunga. Sasa jamaa ana mambo yake. Lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, hataki hata kuisikia, kila gunia lazima lipande mizani mbele ya mkulima mwenyewe na mkulima alipwe siku hiyohiyo kwa simu, wakati sisi supamaketi zinatulipa baada ya siku 60. Yaani hela ikitoka leo inarudi baada ya miezi miwili, katikati hapo tunakopa mpaka aibu. Nikimwambia bosi mzunguko umebana ananijibu we hujawahi kuona mzee wako anarudi nyumbani viazi vya gunia tatu vimehesabiwa mbili. Nakosa la kusema. Haya ni malezi au ukaidi tu? Na kuna kampuni kubwa ilishawahi kufika mbali kwa staili hii?

Wa_Muranga
Huku Kenya jibu lako ni benki ya Equity. Peter Munga aliianzisha 1984 ikiwa ya mikopo ya nyumba, kufika 1993 kwa hesabu ilikuwa imefilisika. Ndio akaingia James Mwangi, mtu wa Kangema kijijini, babake alikufa yeye akiwa mdogo sana, mamake akawalea, na makaa aliuza akiwa kijana. Sasa cheki, miaka hiyo benki kubwa zilikuwa zinafunga matawi ya mashambani na kupandisha salio la chini ndio watu wadogo watoke wenyewe, Equity wakaenda upande ule mwingine, akaunti bila masharti mengi, gari la benki linakuja siku ya soko, mkulima wa majani chai anakopeshwa juu wanajua bonasi yake ya KTDA, lile shirika la chai la wakulima wadogo, itaingia. Benki ingine ingekuuliza umeajiriwa wapi. Mtu amelelewa huko anajua nyumba za pale zinakuwa na pesa mwezi gani na zinakauka mwezi gani, hiyo hauisomei. 2004 ikawa benki kamili, 2006 ikaingia soko la hisa, saa hii iko mpaka Kongo.

Kipara_wa_Hesabu
Mkuu hapo juu umeeleza vizuri ila kuna kitu unakiruka. Mwangi ni CPA huyo, yaani mhasibu aliyefuzu mitihani, ana digrii ya biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Chukua na marehemu Mzee Mengi wetu, yule tajiri wa vyombo vya habari, mtu wa Machame Kilimanjaro, familia duni, watu wanaipenda sana hadithi hiyo, lakini jamaa alisomea uhasibu Uingereza akawa kigogo wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, na biashara alianza kwa kuunganisha kalamu za biki nyumbani kwake. Wote wawili wahasibu! Kijijini mtu anajua nani anaumia, ila hela itatosha mpaka lini hiyo haifundishwi machungani. Mleta mada bosi wako shida yake siyo malezi, shida ni hizo siku 60. Bana supamaketi zishuke hadi 30, au tafuta benki inayokopesha kwa invoisi, yaani kwa ankara mnazozidai supamaketi, mkulima aendelee kulipwa palepale.

Binti_Ilala
Mie nilifanya kazi kwa mmoja wa hivyohivyo, sitaji. Msiba ukikupata anakuja mwenyewe anakaa kwenye mkeka na nyie, anachanga, gari la ofisi linasafirisha maiti mpaka mkoani, kwa hilo simpunguzii. Ila muombe mkataba uone, ananuna wiki nzima, si tunaishi kama ndugu jamani? Kikao anaongea yeye tu, ukimpinga mbele za watu umekwisha, we mtoto huna adabu. Na ajira ni wapwa na mabinamu, undugunaizesheni mtindo mmoja, storkipa alikuwa shemeji yake hajui hata kujaza leja. Na yeye kila mkutano nimelelewa kijijini, nimelelewa kijijini. Kijiji kinawatoa na hawa pia. Kwa hiyo mleta mada niambie, huyo wako akipingwa anafanyaje?

Mhasibu_Mdogo
@Binti_Ilala dada swali zuri. Anabisha kweli ila anasikia. Juzi dereva wa fuso alimwambia mbele ya wote kwamba kupima gunia mojamoja shambani kunachelewesha gari, linaingia Dar jua limeshakuwa kali na viazi vimeanza kupata joto. Akanyamaza. Kesho yake kanunua mizani ya pili hahaha, yaani kupunguza kupima hakupita hata karibu na hilo wazo. Undugu sijauona, mpwa wake aliomba kazi akaambiwa apeleke barua kwa HR kama wengine. @Kipara_wa_Hesabu hilo la invoisi naingia nalo kwake Jumatatu, ila supamaketi kushuka siku 30 sahau, wale hata tukilia machozi.

Wa_Muranga
Mizani ya pili imenimaliza 😂 Huyo msimwache. Kuhusu benki, anza na tawi la huko Njombe ama Makambako, wale wa Dar utawaelezea msimu wa viazi mpaka jioni na bado watakuitisha hati ya nyumba.