Sheria Mlimani, sheria UDOM au ualimu Tabora? Binti wa Kigoma anatakiwa kuthibitisha chuo

Mjomba wa Ujiji
Habari za jioni wakubwa zangu. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, naishi naye hapa Ujiji. Kamaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na katoka JKT Bulombora juzijuzi. Majina ya awamu ya kwanza yametoka, kachaguliwa sehemu tatu: sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, sheria Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na ualimu chuo cha AMUCTA pale Tabora. Anatakiwa athibitishe kimoja tu.

Yeye anataka Mlimani, halali wala hali. Baba yake anataka Tabora, kwamba unalala kwenye treni unaamkia kwa mtoto. Mama yake anataka Dodoma kwa kuwa kuna shangazi. Pesa ya kuanzia natoa mimi, kwa hiyo wote wananisubiri niseme neno. Naomba mnieleze hilo jina la Mlimani lina nini ndani yake, na maisha ya pale yakoje kwa mtoto asiye na ndugu Dar. Mabishano ya chuo gani bora Tanzania tuyaache, nataka kujua kipi kinamfaa huyu.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)
Mjomba, nianzie hapa kwetu. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora School, na alipotaka kuendelea ilibidi aende hadi Makerere, Uganda, kwa sababu Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini watu wa rika langu tunakitaja Mlimani kwa heshima.

Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi hawakufika hata 15. Kitivo kilikuwa kimoja tu, nacho ni sheria. Yaani binti yako kachaguliwa kusoma fani ambayo chuo kizima kilianza nayo. Katika wale wa kwanza alikuwamo mwanamke, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia kilimani kilipo sasa, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, Mwalimu akiwa Mkuu wa Chuo.

Sasa, kwa kuwa binti katoka JKT, mwambie na hili. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi huo. Walikuwapo waliobeba bango la kusema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini hakuishia kwao. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa serikalini ilikuwa minono, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha.

Baada ya hapo chuo kikawa mahali pa hoja. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia pale. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alikuwa mwanafunzi, na John Garang, aliyekuja kuongoza mapambano ya Sudan Kusini, naye alipita. Issa Shivji alisoma sheria hapo akaja kuwa profesa wa sheria hapohapo. Na sisi wa Tabora tuna marehemu Samuel Sitta wa Urambo, alisoma sheria pale kabla ya kuja kuwa Spika wa Bunge. Hata ile noti ya shilingi 500, kabla haijaondolewa kwenye mzunguko mwaka 2025, ukiigeuza, jengo lililokuwa nyuma ni Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani. Mimi namuunga mkono binti.

Mkazi wa Chimwaga
Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwa makini na sina la kupinga katika historia hiyo. Ila mjomba kauliza kuhusu mtoto asiye na ndugu Dar, na hapo UDOM ina la kusema.

UDOM ilianzishwa 2007 ikiwa imepangiwa wanafunzi 40,000 tangu kwenye ramani, kwa hiyo hosteli zilijengwa nyingi na ziko ndani ya chuo. Eneo ni kubwa mno, kutoka ndaki moja (vile vyuo vya ndani ya chuo kikuu) hadi nyingine usitembee kwa miguu ukiwa na kipindi. Mwezi wa sita na wa saba baridi na upepo vinatesa, mtoto wa ziwani aje na sweta la maana. Treni ya kutoka Kigoma inapita Dodoma kabla ya kufika Dar, kwa hiyo safari inapungua kweli. Bunge liko Dodoma, na mwanafunzi wa sheria anaweza kwenda kukaa akasikia muswada unavyojadiliwa.

Jambo kubwa zaidi ni hili: akitaka kuwa wakili, shahada haitoshi. Lazima apite Law School of Tanzania, ile ya barabara ya Sam Nujoma, Dar. Pale wa UDOM, wa Mlimani na wa chuo binafsi wanakaa darasa moja na kufanya mitihani ileile. Kwa hiyo Dar ataifika tu, akiwa amekomaa.

Binti Kasulu
Shikamooni wakubwa. Mimi nimesoma Mlimani, siyo sheria lakini rafiki zangu wengi walikuwa sheria, na nilifika bila ndugu.

Mjomba, kama ataishi ndani ya kampasi, mpeleke Mlimani bila kusita. Kama atapanga chumba Msewe, Changanyikeni au Makongo, fikiria mara mbili. Tofauti yote iko hapo. Anayekaa ndani anatoka kipindi cha jioni anapita kula, anarudi kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje, kusoma na wenzake mpaka usiku, na akichoka kitanda kiko karibu. Mijadala anayoisema mwalimu haikuishia kwenye vitabu. Kuna mihadhara ya wazi pale Nkrumah, anakuja jaji, anakuja mwanasiasa, unaingia bure na unanyoosha mkono kuuliza. Wanafunzi wa sheria wana mashindano ya mahakama ya mfano, wanavaa suti na kubishana kama mbele ya jaji. Mimi wa kozi nyingine nilikuwa naenda kuwasikiliza tu. Anayekaa mbali anawahi daladala, kwa hiyo hayo yote yanampita, na nauli na kodi zinakula bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, kabla ya mwezi kwisha.

Nafasi za ndani zimeongezeka: mabweni yaliyofunguliwa 2017 yanachukua wanafunzi 3,840, na ipo Mabibo ambayo iko nje kidogo ya kampasi. Hata hivyo wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Mwaka wa kwanza aombe mapema mno. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilifunguliwa 2018, ni kubwa kiasi kwamba kukosa kiti cha kusomea si kisingizio tena.

Na ajue kusoma kunabana. Sapu (kurudia mitihani) zipo, kudisco (kufukuzwa chuo kwa kufeli) kupo, na waliozoea kuongoza darasa huku nyumbani ndio hushtuka zaidi wakikuta kila aliye pembeni yao naye alikuwa anaongoza kwao.

Mama Gungu
Mwanangu Binti Kasulu, umesema vizuri. Mimi ni mzazi wa binti na kuna jambo wanaume hapa hawajaligusa. Zamani pale palikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch, wanafunzi wasiojulikana wakibandika ukutani michoro na maneno ya kuwadhalilisha wenzao, hasa wasichana. Mwaka 1990 binti mmoja mwanafunzi alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Nilikuwa msichana wakati huo na habari ile ilitufikia hata huku. Naomba tunapotaja akina Rodney, na huyo binti tumkumbuke, kwa sababu naye ni historia ya chuo. Mjomba, muulize mpwa wako kama anajua aende kwa nani akisumbuliwa, awe Mlimani, Dodoma au Tabora. Hilo ni kubwa kuliko jina la chuo.

Binti Kasulu
Kweli kabisa mama. Siku hizi kuna dawati la jinsia vyuoni na kuna serikali ya wanafunzi, Mlimani wanaiita DARUSO. Afike akijua ofisi hizo ziko wapi, asisubiri tatizo.

Fundi Sikonge
Kuhusu Tabora kwa ufupi. AMUCTA ni chuo kizuri cha Kanisa Katoliki, kiko chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), na ualimu wanaufundisha vizuri. Mdogo wangu kasoma hapo na anafundisha. Lakini alitaka ualimu tangu utoto. Huyu anataka sheria. Kumpeleka kwenye ualimu kwa sababu ya treni siyo kumtendea haki, yeye wala wanafunzi atakaowafundisha.

Mjomba wa Ujiji
Nawashukuru sana. Nimemsomea shemeji yangu, yaani baba yake, maneno ya Fundi Sikonge na akanyamaza kwa muda, kisha akasema basi Tabora tuiache. Dada bado anashikilia Dodoma kwa sababu ya shangazi. Nina swali moja la pesa: mkopo ukitoka nusu, mtoto ataishi Mlimani?

Mkazi wa Chimwaga
Mkopo ni uleule popote alipo, bodi ya mikopo inaangalia hali ya familia. Fedha ya chakula na malazi ikigawanywa, Dodoma inafika mbali zaidi kuliko Dar. Hapo sikufichi. Na mkumbushe kwamba ni deni, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)
Mjomba, weka akiba ya kodi ya chumba ya muhula mmoja pembeni, usimwambie. Akipata kitanda ndani, itamfaa kwa vitabu. Akikosa, hutahangaika. Ukiweza hilo, Mlimani. Usipoweza, UDOM, na aende kwa moyo mweupe, kwa maana sheria ni ileile na wakili hapimwi kwa kilima alichosomea.

Binti Kasulu
Naafiki. Na mjomba, ule msimbo wa kuthibitisha aingize yeye mwenyewe kabla dirisha halijafungwa, asimpe mtu wa steshenari. Akishathibitisha, siku hiyohiyo aombe chumba. Aniandikie pembeni, nitamwelekeza namna ya kufika kutoka stesheni.

Mjomba wa Ujiji
Akiba ya chumba nitaiweka. Dada nitaongea naye kesho asubuhi, kisha binti athibitishe Mlimani.