Tuzo ya wahitimu wa kemia: apewe nani?

Mtoa hoja, Umoja

Wenzangu, hamjambo. Idara ya kemia tuliyosomea, hapa hapa Nairobi, inataka kuanza kuwatunuku wahitimu wake waliofanikiwa. Wazo lilinifurahisha mpaka niliposoma vigezo: cheo alichofikia mtu, kampuni anayoiongoza, na mchango wake kwa idara. Kwa vigezo hivyo, mtu aliyeiacha kemia siku ile ile alipovua joho atamtangulia mwenzake aliyeshinda maabara miaka thelathini. Mimi nasema tuzo ya kemia itolewe kwa kazi ya kemia, na kazi yenyewe itajwe hadharani.

Ninawafikiria watu gani? Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 60 Embu, Kiambu na kwingineko, na wengine wakapofuka. Methanoli ikifika kwenye ini hugeuka hatimaye kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu mishipa ya fahamu ya macho. Mnywaji hawezi kuitofautisha na pombe ya kawaida kwa kuitazama. Anayeweza ni mkemia aliyeketi mbele ya mashine, sampuli baada ya sampuli, akijua kwamba ripoti yake itafika mahakamani na wakili atamhoji kila tarakimu. Nani kati yetu anamjua mmoja wao kwa jina?

Rudini nyuma miaka kumi, 2004, mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu, kule Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni, na zaidi ya nusu ya sampuli zilizochukuliwa masokoni katika wilaya zilizoathiriwa zilikipita. Sehemu 20 kwa bilioni! Debe la mahindi ukilichambua punje kwa punje huioni. Lazima mtu akae aipime.

Halafu kuna walimu. Niliwahi kumtembelea mwenzangu wa darasa anayefundisha kemia shule moja ya Eastlands. Wanafunzi hamsini, bureti sita, ile mirija ya kudondoshea na kupimia kimiminika, mbili zinavuja. Aliwagawia waliobaki mabomba ya sindano ya plastiki, bila ncha. Msichana mmoja alikuwa akidondosha alkali ndani ya asidi yenye fenolftalini, ile dawa inayogeuka waridi alkali ikizidi, mkono wa pili ukizungusha chupa. Rangi ya waridi ikatokea, ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea. Likaanguka tone moja na rangi ikabaki. "Mwalimu, imekaa!" Mwalimu akainama, akasoma mistari ya bomba pamoja naye, akamwambia arudie mara mbili zaidi kabla hajaandika wastani. Kama huyo si mkemia aliyefanikiwa, basi sijui tunampima nani.

Mchangiaji, Ngara

Binti yangu, umesema vizuri, ila mimi nimefundisha vyuoni na najua upande wa pili. Kemikali nyingi zinaagizwa ng'ambo, na bei yake inapanda kila shilingi inaposhuka. Mashine ikiharibika, kipuri kinasubiriwa miezi. Mhitimu mwenye uwezo akiitwa jukwaani akaheshimiwa, ataikumbuka idara yake, na wanafunzi wa kesho watapata cha kufanyia kazi. Mkono mtupu haulambwi. Hao unaowataja ni watu wema, lakini watatuletea nini?

Mtoa hoja

Mzee wangu, nashukuru, na la kemikali ni kweli tupu. Nilimaliza mradi wangu wa mwaka wa nne kwa kugawana chupa moja ya asetonitrili, kiyeyushi cha maabara, na wenzangu watatu. Kwa hiyo anayetununulia mashine tumshukuru sana, jina lake libandikwe kwenye mashine hiyo, aalikwe aione ikifanya kazi. Hiyo ni heshima kamili na anaistahili.

Ninachoomba ni tusiichanganye na tuzo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atapita kwenye ukuta wenye picha za waliotuzwa kila asubuhi akielekea maabara. Akiwaona wakurugenzi peke yao, ataelewa kwamba kemia ni ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Akimwona aliyepima maji ya visima vya Bonde la Ufa ili watoto wasiharibike meno kwa floridi, ataona kazi anayoweza kuifanya yeye mwenyewe.

Kamati inapokea majina hadi mwisho wa mwezi, na mimi nimeshapeleka jina la yule mwalimu. Penye "cheo" nimeandika mwalimu wa kemia. Penye "mchango kwa idara" nilimpigia simu kwanza, akahesabu polepole, akitaja majina. Nimeandika: wanafunzi kumi na mmoja.